Mama Saini na Ukimya wa Ijumaa

Nilikuwa dereva wa Baraza kwa miaka kumi na mitano, na kumi na mmoja kati ya hiyo niliimaliza nikiwa nimeegesha gari nje ya milango ya watu, nikimsubiri karani mmoja wa masjala apate saini. Wakati ule nilisema wazi kwamba ananipotezea maisha. Sasa nimestaafu, hasira zimepungua kidogo, na nataka kuusema ukweli ninaopaswa kuusema: sijawahi kufanya kazi na mtu niliyemheshimu kama yule mama, wala na mtu aliyeniudhi kama yeye.

Tulimwita Mama Saini. Jina lilianzia kwa walinzi wa getini, likapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita kwa wakubwa, na mwisho hata mumewe nyumbani akalizoea. Masjala yake ilikuwa ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya choo cha wageni. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja linalotazamana na jenereta, kaunta ya mbao iliyochubuka mahali watu wanapoegemeza viwiko, na kabati la visanduku kumi na tisa, kimoja kwa kila nchi mwanachama. Juu ya kaunta palikuwa na muhuri wa tarehe na saa, ule wa kuzungusha vigurudumu kwa kidole gumba. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alikuwa na tabia ya kukutazama mpaka umalize uongo wako wote ndipo aseme neno.

Baraza letu lilikuwa la mataifa kumi na tisa yaliyokubaliana kulindana. Juu huko ndiko walikoamua askari waende wapi, waangalizi waondoke wapi, mpaka upi ulindwe na upi uachwe. Watu wanadhani mambo hayo huamuliwa kwa hotuba na ngumi juu ya meza. Mengi yalipita kwa kitu kilichoitwa utaratibu wa ukimya. Karatasi ya uamuzi ilipelekwa kwa kila nchi, na kanuni ilitoa saa sitini na sita tangu karani apige muhuri wa kupokelewa. Saa hizo zikiisha bila mtu kuleta pingamizi la maandishi, wote mmehesabiwa mmekubali. Na kwa tafsiri iliyozoeleka, karatasi ilihesabika imepokelewa mara tu karani anapoitumbukiza kwenye kisanduku cha nchi husika, awepo mtu wa kuichukua au asiwepo.

Sasa hesabu mwenyewe. Ukipiga muhuri Ijumaa saa kumi jioni, saa sitini na sita zinaisha Jumatatu saa nne asubuhi. Nchi kubwa zilikuwa na ofisi za watu arobaini, na hata Jumapili palikuwa na mtu wa zamu. Nchi ndogo zilikuwa na mjumbe mmoja, katibu muhtasi mmoja, na mlango unaofungwa Ijumaa mchana. Kwa hiyo wakubwa walipotaka jambo lipite bila kelele, karatasi iliteremshwa masjala Ijumaa, saa kumi kasoro robo. Nyaraka za ulinzi zilikatazwa kwenda kwa barua pepe, hivyo hakuna aliyeiona mpaka afungue kisanduku chake. Mchezo huo niliuona hata mimi dereva, na sikuhitaji shahada.

Mama Saini naye aliuona, na kwa miaka mingi aliucheza kama wenzake. Mwenyewe hakuwahi kulificha hilo.

Kilichombadilisha ni karatasi moja ya kuondoa waangalizi katika mji mmoja wa mpakani. Mji wenyewe ulikuwa wa nchi ndogo, ambayo ofisi ya mjumbe wake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi. Ijumaa ile mjumbe aliondoka mapema kumpeleka mkewe kujifungua. Karatasi ikateremshwa saa yake ileile, ikatumbukizwa kisandukuni, ikapigwa muhuri. Mtoto akazaliwa Jumamosi. Jumatatu mjumbe aliingia kazini saa tano, bado ana furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume, akafungua kisanduku, akakuta ukimya wake umeshahesabiwa saa nzima iliyopita. Waangalizi waliondoka baada ya siku sita. Wiki ya tatu mji ulivamiwa. Mimi sikuwepo, na wawili walionisimulia hawakuweza kumaliza.

Siku habari zilipofika nilikuwa masjala nasubiri mfuko wa barua. Mjumbe aliingia akaomba kuona nakala ya karatasi ile. Mama Saini akampa. Yule bwana akaweka kidole juu ya muhuri.

"Dada," akasema, "hapa umeandika nimepokea. Nilipokea kwa mkono upi?"

Hakufoka. Alisubiri, kisha akairudisha nakala, akashukuru akaondoka.

Hakuna aliyemlaumu Mama Saini. Kanuni aliifuata neno kwa neno. Lakini kuna kosa ambalo ni la watu wa ofisi tu, kuandika kwamba mtu amepata kitu ambacho hajakiona, kisha ukaenda zako kula chakula cha mchana. Aliniambia baadaye sana kwamba siku mbili hakutia kitu mdomoni, na mumewe, mwalimu wa hesabu, alidhani ni malaria.

Jumatano ya wiki ile alikuja na daftari gumu la jalada jeusi. Akachora mistari: nchi, jina, saa, saini. Kuanzia hapo hakupiga muhuri mpaka mjumbe mwenyewe au naibu wake aipokee karatasi mkononi na kutia saini, na saa sitini na sita zilianza kuhesabiwa kwa saini ya mwisho. Mkuu wa Utawala alimwita, akamwuliza nani kamruhusu.

"Kanuni inasema nipige muhuri karatasi ikimfikia mwanachama," akajibu. "Mwanachama hakai ndani ya kabati."

Na mimi ndiye niliyepewa kumwendesha. Ole wangu. Tulimfuata mjumbe mmoja kwa daktari wa meno, akatia saini akiwa mdomo wazi na pamba shavuni, na Mama Saini akamshukuru kwa vyeo vyake vyote. Mwingine tulimvizia uwanjani binti yake akicheza mpira wa kikapu, na ikabidi tukae mpaka filimbi ya mwisho, kwa sababu alikataa kushika kalamu timu ikiwa nyuma. Nilinung'unika njia nzima. Yeye alikaa kiti cha nyuma na daftari magotini, akinitia moyo kwa maneno kama, "Kunja kushoto, baba, usikasirikie usukani."

Ujeuri huo ulimgharimu. Alipata barua mbili za onyo. Makarani aliowafundisha yeye kushika muhuri walipandishwa vyeo wakampita, wakawa wanapita mbele ya kaunta yake na tai shingoni, naye akabaki daraja la pili. Kumfukuza waliogopa, kwa sababu kanuni alizijua kuliko waliozitunga, na wajumbe wa nchi ndogo wangepiga kelele. Basi wakaamua kumsubiri astaafu.

Nyumbani kwake palikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, vitabu vya hesabu vimepangwa mpaka juu ya friji. Nikimrudisha jioni, Mwalimu alinifungulia mlango akiuliza, "Leo nitie saini wapi ndipo nirudishiwe mke wangu?" Binti yao, muuguzi, hakuona cha kuchekesha. Alikuwa akimwambia mama yake kila wiki kwamba amekonda kwa kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Mwaka wake wa mwisho, Baraza likatangaza mageuzi ya uendeshaji wake. Malalamiko yalikuwa yamejaa: nchi chache zina viti vya kudumu, chache zina kura ya turufu, na wanaopelekewa askari ndio wa mwisho kuulizwa. Kamati ya Mageuzi ikaundwa, maoni yakaombwa. Serikali zikaleta vitabu vinene ambavyo mimi ndiye niliyevibeba, kwa hiyo naujua uzito wake. Mama Saini alileta ukurasa mmoja na nusu.

Alisema mambo mawili tu. Karatasi isihesabike imepokelewa mpaka mjumbe au naibu wake aipokee kwa mkono. Na nchi ambayo ardhi yake ndiyo inayozungumzwa isihesabiwe kwa ukimya kamwe. Iulizwe, na ijibu kwa maandishi.

Katibu wa Kamati, mwanasheria mmoja mwanamama mwenye maneno machache, aliusoma ukurasa ule palepale kwenye kaunta, amesimama. Akaurudia. Kisha akauingiza kwenye rasimu kama kifungu cha kumi na nne. Miezi ikapita, wakubwa wakavutana juu ya viti na turufu mpaka vifungu vikafa kimoja baada ya kingine. Mwisho wa mvutano vilibaki viwili: cha kumi na nne, na kingine kuhusu mpangilio wa bendera ukumbini.

Na kanuni za Baraza zilibadilishwa kwa njia gani? Kwa ukimya, bila shaka. Nchi yoyote moja ikileta pingamizi ndani ya saa sitini na sita, kifungu kinazuiwa.

Hapo ndipo roho zetu zilipokaa juu juu. Mama Saini alikuwa amebakiza wiki mbili astaafu. Karani aliyeandaliwa kumrithi alikuwa mtu mwema, lakini alishatuambia bila kupepesa macho kwamba yeye hatamfuata mtu kwa daktari wa meno. Kifungu kisipopita kabla mama hajaondoka, karatasi zingerudi visandukuni, na kazi yake ya miaka kumi na mmoja ingebaki tabia ya ajabu ya bibi mmoja aliyewahi kukaa pale.

Aliyeweza kukizuia tulimjua. Alikuwa mjumbe wa nchi kubwa kuliko zote, ambaye sisi madereva tulimwita Bwana Ijumaa, kwa sababu siku hiyo ndiyo karatasi zake zilipoteremka. Sasa tazama bahati. Wiki ileile ofisi yake ilikuwa inahama jengo. Naibu wake alikuwa ameshahamishiwa nchi nyingine. Kuanzia Ijumaa mchana watu wake wote arobaini walikuwa wanafunga makasha, simu zimekatwa, na hakuna ambaye angekuja kufungua kisanduku kabla ya Jumatatu jioni.

Katibu wa Kamati alileta karatasi Ijumaa asubuhi. Aliiweka juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mpaka hiki kipite, kanuni ya zamani ndiyo inayotumika. Kisanduku kinatosha." Akaondoka bila kutazama nyuma.

Nikafunga mlango. "Umesikia," nikamwambia. "Itie kwenye kisanduku saa kumi jioni, piga muhuri, twende nyumbani. Jumatatu saa nne imekwisha. Wametuchezea hivyo miaka yote."

Akavaa miwani yake. "Jumatatu jioni atakuja hapa kuniuliza alipokea kwa mkono upi. Nimjibu nini?"

"Mjibu lolote! Yeye aliwajibu nini watu wa mpakani?"

Akaichukua karatasi, akaigeuza mkononi. Nilidhani nimempata.

"Hilo aulizwe yeye," akasema. "Mimi nitaulizwa la muhuri. Lete gari."

Tulipeleka nakala kumi na nane kwanza, nami niliendesha taratibu makusudi, nikiomba gari lizimike. Saa nane tulifika kwa Bwana Ijumaa. Ofisi ilikuwa vurugu tupu, mazulia yamekunjwa, waya zinaning'inia, wapagazi wanapishana na meza. Mlinzi alisema Mheshimiwa ana shughuli. Mama Saini akakaa juu ya kasha lililoandikwa vikombe, daftari magotini. Wapagazi wakalihitaji kasha, akahamia jingine. Saa moja na nusu alikaa hivyo, akihama kasha hadi kasha, na mimi nimesimama karibu yake nikiona aibu na hasira, sijui ipi ilizidi.

Bwana Ijumaa alitoka amekunja mikono ya shati. Alikuwa mrefu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, mtu wa adabu sana. Kama wabaya wangekuwa hawana adabu, kazi yangu ingekuwa rahisi. Akaisoma karatasi yote. Kisha akamtazama.

"Ungeweza kuiacha kwenye kisanduku."

"Ningeweza, Mheshimiwa."

"Nisingeiona mpaka muda umepita."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tia saini hapa, na saa."

Akaandika saa tisa na nusu, akatia saini.

Jumatatu saa mbili asubuhi pingamizi lake likaletwa, mstari mmoja tu, limeandikwa kwa mashine. Nililiona likiwekwa juu ya kaunta, nikatoka nje nikaupiga teke mlango wa gari langu mwenyewe, mpaka leo kidole kinanikumbusha baridi ikizidi. Jioni nilimrudisha nyumbani. Nilibeba mkoba wake mpaka juu, nikamkuta binti yake ameshasikia.

"Mama, ulikuwa na ushindi mkononi, ukampelekea mwenyewe," akasema yule binti, na machozi yalikuwa karibu. "Miaka yote hii ilikuwa ya nini?"

Mama Saini alivua viatu, akakaa. Alionekana amechoka kuliko nilivyowahi kumwona. "Sijui, mwanangu," akasema. "Leo sijui."

Mwalimu alikuwa akimenya chungwa. Akampa mkewe kipande, akasema, "Njia yako ya kukokotoa ni sahihi. Jibu ndilo limekuja baya." Siku hiyo hakuuliza atie saini wapi. Na mimi, nakiri, sikumsemesha kwa siku tatu.

Lakini pingamizi lilikuwa na gharama moja ambayo wakubwa walikuwa wameisahau, kwa kuwa hawakuwa wakipingwa mara nyingi. Jambo likipingwa linapelekwa ukumbini, na aliyelipinga lazima aeleze sababu kwa mdomo wake mbele ya wote. Alhamisi wakakutana. Makarani hawaingii ukumbini. Mimi niliingia kwa sababu ya kubeba makasha ya nakala, nikajibana ukutani karibu na kibanda cha wakalimani.

Bwana Ijumaa alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema hatari haisubiri saini, na kwamba siku moja watu watakufa kwa sababu mjumbe fulani hakupatikana. Vichwa kadhaa vilitikisika kukubali. Hata mimi nilijikuta nikifikiri.

Ndipo mjumbe wa juu ya duka la matairi alipoomba nafasi. Alikuwa bado yupo, nywele zimepungua.

"Mheshimiwa mwenzangu, nina maswali madogo," akasema. "Karatasi ya kifungu hiki uliipokea lini?"

"Ijumaa, saa tisa na nusu."

"Ofisi yako ilikuwa wazi?"

"Tulikuwa tunahama."

"Nani alikuletea?"

"Karani wa masjala."

"Alikusubiri muda gani?"

Bwana Ijumaa alitazama karatasi zake. "Nimeambiwa saa moja na nusu."

"Asingekusubiri, leo ungekuwa unatueleza sababu zako?"

Ukumbi ulinyamaza, na safari hii hakuna aliyeuhesabu ukimya ule kuwa kukubali. Yule mjumbe hakungoja jibu.

"Mwanangu ana miaka kumi na mmoja," akasema. "Kila akitimiza mwaka, mama yake anakata keki, na mimi najua ni mwaka mwingine wa watu wangu wa mpakani. Kama kuna mtu angenisubiri nje ya wodi, hata dakika tano, ningeandika neno moja tu: hapana. Sina zaidi." Akaketi.

Mwenyekiti alitangaza mapumziko ya robo saa. Nilitaka kumkimbilia Mama Saini nikamweleze, lakini kwenye ngazi nilimwona Bwana Ijumaa mbele yangu akiteremka. Hakungoja lifti. Alipita choo cha wageni, akaingia masjala, nami nikaingia nyuma yake nikajifanya natafuta mfuko wa barua.

Aliweka karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, wino bado mbichi: anaondoa pingamizi lake. Kuondoa pingamizi nako lazima kupitie masjala.

Mama Saini aliisoma. Alizungusha vigurudumu kwa kidole gumba, akatazama saa ya ukutani, akapiga muhuri, akamwonyesha mahali pa saini. Yule bwana akatia saini lakini hakuondoka.

"Na kama nisingeliondoa?" akauliza.

Mama Saini akafungua jalada, akatoa lile pingamizi la mstari mmoja, akaligeuza upande wake ili asome.

"Lingesimama. Nililipokea Jumatatu, saa mbili na dakika kumi, Mheshimiwa," akasema. "Nikalipiga muhuri saa mbili na dakika kumi."

Bwana Ijumaa aliutazama muhuri ule muda mrefu. Kisha akamwinamia kichwa, kama wanavyoinamiana wajumbe kwa wajumbe, akarudi juu. Kifungu kilipita kabla ya saa sita.

Nilibaki pale kaunta nikiwa sina pa kuweka mikono. Nikamwambia nimekosa, na kwamba siku tatu nilizomnunia nilikuwa mpumbavu. Alikuwa ameshaanza kupanga nakala za kanuni mpya, zote kumi na tisa, na alinipa tisa za kwanza nizipeleke garini.